Nina leseni ya bastola. Je, naruhusiwa kupita nayo Serengeti?

Swali: Habari za kazi, wakili. Mimi ni mfanyabiashara wa mpunga na dengu, naishi Nyakato, Mwanza. Baada ya kuvamiwa na majambazi nikiwa na fedha za mauzo, niliomba bastola, nikapitishwa kwenye vikao vyote na kupewa leseni kihalali. Desemba hii nawapeleka watoto Arusha kwa mama yao mdogo, na tumepanga tuingilie geti la Ndabaka, Serengeti, ili waone nyumbu. Njia ni ndefu, na mimi silali ugenini bila silaha yangu. Leseni yangu inaniruhusu kupita nayo hifadhini? Jumapili nyingine huwa nawapeleka kisiwa cha Saanane ikiwa kiunoni, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Shemeji yangu aliyeko Texas anasema huko kwao watu wanaingia nazo hifadhini na hakuna shida. – Baba Kulwa.

Jibu:

Baba Kulwa, nianzie pale ulipopita haraka haraka, yaani Saanane. Arusha bado hujaenda, lakini kisiwani umeshakwenda, tena si mara moja.

Wenyeji wengi wa Mwanza bado wanakichukulia kisiwa kile kama bustani ya mjini, na siwalaumu. Kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, kikapewa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akikimiliki, na vizazi viwili vya watoto wa Mwanza vimekulia na picha walizopigwa juu ya yale mawe yake. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa kamili, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu, na maji yanayokizunguka yamo humo. Udogo huo haupunguzi kitu. Sheria inayokubana ukiwa Seronera, katikati ya Serengeti, ndiyo inayokubana ukishuka kwenye boti uliyopandia Capri Point. Kwamba hakuna aliyekuuliza maana yake ni kwamba hakuna aliyekuona. Siku upepo wa ziwa utakapolipeperusha shati lako mbele ya askari wa hifadhi, hutakuwa tena baba aliyewaleta wanawe kuangalia pimbi. Utakuwa mtu mwenye silaha ya moto ndani ya hifadhi, na maelezo utayatoa ukiwa umekaa chini.

Kwa hiyo sehemu hiyo jibu lake ni fupi: usiende nayo tena.

Sasa tuje kwenye leseni, maana hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa, na nimeshaona hata watu wenye elimu yao wakijikwaa hapo. Leseni yako imetolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015. Polisi na kamati za usalama walikuchunguza wewe: umri wako, akili yako, rekodi yako, sababu zako, mahali utakapoihifadhi. Wakaridhika kwamba unaweza kuwa na silaha ile moja yenye namba ile moja. Hilo ni jambo kubwa, maana asiye na karatasi hiyo akikamatwa na bastola anashtakiwa kwa kosa la uhujumu uchumi, na dhamana yake huwa na milolongo. Lakini karatasi hiyo haikukupa ruhusa ya kuingia nayo kila mahali. Huingii nayo mahakamani, hupandi nayo ndege ukaketi nayo kwenye kiti, na hifadhini nako kuna mwenye nyumba wake.

Mwenye nyumba huyo anaongozwa na Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282. Kesi za aina hii zinazotoka Bunda, Serengeti na Tarime, hati zake za mashtaka karibu zote zina shtaka la kupatikana na silaha ndani ya hifadhi, kinyume na kifungu cha 24(1)(b) na (2) cha sheria hiyo. Usikariri namba, kwa sababu sheria zetu hufanyiwa urekebu na vifungu huhama. Kariri maneno yanayofuata kwenye maelezo ya kosa: kwamba mshtakiwa alikutwa na silaha na "akashindwa kumridhisha" ofisa mwenye mamlaka kwamba ilikusudiwa kwa matumizi mengine yasiyo kuwinda, kuua, kujeruhi au kukamata wanyama.

Yasome tena hayo maneno mawili. Ukiwa barabarani pale Buzuruga, askari akikukuta na bastola, ukitoa leseni mazungumzo yanaelekea kuisha. Ndani ya hifadhi, leseni inajibu swali la kwanza tu. La pili ni kwamba umeileta humu kufanya nini, na wa kuridhisha ni wewe. "Naogopa majambazi" ni sababu nzuri ukiwa Nyakato na gunia la fedha. Katikati ya mbuga, ukiwa na watoto wanne na ndoo ya sambusa, haina nguvu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza, lakini nina hakika litakuhusu kuliko bastola yenyewe. Silaha kwa sheria ya hifadhi si bunduki peke yake. Ukifungua mafaili ya kesi hizo, bunduki ni chache. Kilichojaa ni panga moja, kisu kimoja, mkuki mmoja, nyaya mbili za kutegea. Ukanda wa magharibi wa Serengeti, uwindaji haramu wa kitoweo kwa sehemu kubwa ni wa nyaya. Waya wa kawaida unasokotwa kitanzi, unafungwa kwenye mti palipo na njia ya nyumbu, na mwenye nao anarudi kesho yake kuangalia. Hauna mlio wala moshi. Ndiyo maana askari wa hifadhi akiona bunda la waya kwenye buti la gari hatafikiria uzio wa kuku. Nawe, kama wafanyabiashara wengi wa mazao, najua buti lako lina panga la kukatia kamba, lina waya, na pengine lina manati ya mtoto. Vitoe vyote kabla ya safari. Bunduki ya upepo ya kuwindia kwale usiifikirie kabisa. Na kama kuna kijana wa ukoo mwenye droni, nayo ibaki nyumbani, hairuhusiwi kurushwa bila kibali.

Turudi barabarani. Ukitoka Mwanza kwenda Lamadi hadi kwenye geti la Ndabaka uko kwenye barabara kuu ya Musoma, na leseni yako inakutosha kama unavyosafiri siku zote. Ukikunja kulia na kupita geti, umeingia kwa TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Utapita ukanda wa magharibi, Seronera, kisha geti la Naabi. Baada ya Naabi, nyanda zile zile, swala wale wale, unaingia eneo la mamlaka nyingine kabisa: Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, yenye sheria yake, Sura ya 284, na maofisa wake, mpaka utakapotokea geti la Lodoare. Ukichepuka kaskazini au kusini ya njia hiyo unaweza kujikuta kwenye mapori ya akiba ya Grumeti, Ikorongo au Maswa, na huko Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, ndiyo inayotawala. Nayo ina kifungu cha 103 kuhusu mtu anayekutwa na silaha katika mazingira yanayotia shaka kwamba imetumika au inakusudiwa kutumika kutenda kosa.

Umeona inakoelekea. Hata ungeandika barua TANAPA ukajibiwa vizuri, barua hiyo ingeishia Naabi. Ngorongoro wangekuuliza ya kwao. Mtu mwenye sababu ya kweli, kwa mfano mwindaji mwenye leseni anayesafirisha bunduki kwenda kitalu cha uwindaji, hushughulikia vibali hivi mapema, kwa maandishi, kila mamlaka na karatasi yake. Silaha husafiri ikiwa tupu, imefungiwa kwenye mkoba wake, na risasi zikiwa mbali nayo. Kama wewe una sababu ya namna hiyo, andika kwa mkuu wa hifadhi wiki kadhaa kabla, weka nakala ya leseni, namba ya silaha, idadi ya risasi, namba ya gari, tarehe na geti la kuingilia na la kutokea. Usiende na simulizi ya mdomo kwamba kuna bosi fulani uliongea naye kwenye simu.

Lakini huna sababu hiyo, Baba Kulwa. Una hofu, na hofu siidharau, ila si kibali.

Nilifanya kazi ya uhifadhi miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye uwakili. Siku moja tulikuwa kwenye geti ambalo sitalitaja. Akaja mzee mmoja na familia, gari limejaa, watoto wameshaanza kuhesabu ngedere kwenye mti. Alilipa kila kitu, akatania kila mtu. Kijana wetu mmoja akamwomba afungue dashibodi aonyeshe stika ya bima, na bastola ikateleza ikaanguka miguuni mwa mkewe. Ilikuwa na leseni safi. Yule mzee alikuwa ameisahau, na mimi hadi leo naamini aliisahau kweli. Haikusaidia kitu. Silaha ilichukuliwa, namba ikasomwa kwenye redio, ikasubiriwa simu kutoka kituo kilichotoa leseni, na ilikuwa Jumamosi. Watoto walikaa kwenye benchi la mbao mpaka jua likaanza kulala. Waliachiwa, wakageuza gari wakarudi walikotoka. Hakufikishwa mahakamani kwa sababu walikuwa bado upande wa nje wa geti. Mita hamsini mbele, simulizi ingekuwa nyingine.

Ungeniuliza kwa nini wale vijana ni wakali hivyo, ningekukumbusha historia. Katika miaka ya 1970 na 1980 bunduki ziliwamaliza faru wa Serengeti wakabaki wa kuhesabika kwa vidole, na tembo wakapungua hadi mia chache. Ilibidi mwaka 1989 serikali ianzishe Operesheni Uhai, jeshi na polisi wakaingia porini pamoja na askari wa wanyamapori. Wala si hadithi za kale tu. Januari 2016, pori la akiba la Maswa, mkoani Simiyu hapo jirani, majangili waliitungua helikopta ya doria kwa risasi kutoka ardhini na rubani wake akafa. Askari wa hifadhi wa leo, ambaye yumo kwenye jeshi la uhifadhi watu wanaloliita Jeshi Usu, ana wenzake waliokufa kwa risasi za watu waliofanana na raia wa kawaida. Akiona chuma, hawezi kuanza kwa kukudhania mema.

Kuna wanaonijia ofisini wakiwa wamesikia kwamba kesi za hifadhi hushindwa, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Ni kweli kwamba Mahakama ya Rufani imewahi kufuta hatia za kuingia hifadhini isivyo halali, kwa hoja kwamba kifungu cha 21(1)(a) kama kilivyorekebishwa mwaka 2003 hakikuwa kimetamka kosa lenyewe. Ni kweli pia kwamba upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kuwa mtu alikamatwa ndani ya mpaka hasa. Walioshinda hoja hizo, ndugu yangu, walizishinda wakiwa wameshakaa gerezani miaka. Na mipaka yenyewe inasogea: kule Nyatwali, Bunda, serikali iliamua wananchi wapishe ili hifadhi ifike ziwani. Asikwambie mtu "hapa sisi tulikuwa tunalima" ukalichukua hilo kama ramani.

Swali la mnyama kukuvamia hukuliandika, lakini najua liko nyuma ya hofu yako, maana kila mtu huniuliza. Bastola yako haitamzuia nyati. Itamuudhi. Silaha ya kumsimamisha nyati au tembo ni bunduki nzito mikononi mwa mtu aliyefunzwa, na hata huyo huomba Mungu asilazimike kuitumia. Kinga ya mgeni wa Serengeti ni bati la gari lake: usishuke nje ya maeneo yaliyoruhusiwa, usizidi kilomita 50 kwa saa, usiendeshe usiku. Ukitaka kutembea kwa miguu, utembezi huo hupangwa na hifadhi, na anayebeba bunduki ni askari wao. Utalala Seronera? Lala kwenye kambi au hosteli iliyoruhusiwa, funga hema, chakula kisikae humo. Fisi anafuata nyama, hajui kama una leseni.

Sheria ya wanyamapori inatambua mtu kujitetea uhai wake dhidi ya mnyama, na tukio kama hilo huripotiwa mara moja. Ni kinga ya mwanakijiji aliyevamiwa shambani kwake Bunda au na mamba akiteka maji Ukerewe. Kwa huyo kuna pia taratibu za malipo ya serikali yaitwayo kifuta jasho na kifuta machozi kupitia ofisa wanyamapori wa wilaya. Mtalii aliyeingia na bastola kwa siri, akashuka garini, kisha akampiga simba risasi, atakuwa na mlima mrefu wa kupanda kabla hajaifikia kinga hiyo. Na ukikutwa na kipande cha mnyama huyo kwenye gari, hata jino, hapo tumehamia kwenye nyara za serikali, kosa ambalo mahakama zetu huliadhibu kwa kifungo cha miaka 20. Sitaki kuliandika zaidi ya hapo.

Shemeji wa Texas hajakudanganya. Kwao ilikuwa kama kwetu kwa muda mrefu: bunduki ndani ya hifadhi za taifa ilitakiwa iwe tupu na ifungiwe mahali isipofikika kirahisi. Mwaka 2009 Bunge lao lilibadilisha hilo, kwa kifungu kilichochomekwa ndani ya sheria ya kadi za mikopo ya benki, usiniulize vilikutania wapi. Kuanzia tarehe 22 Februari 2010, mtu anaruhusiwa kuwa na silaha hifadhini ikiwa sheria ya jimbo ilipo hifadhi hiyo inamruhusu. Lakini mwulize kama anaweza kuingia nayo kwenye jengo la wageni, ofisi ya hifadhi au ya mapato. Hawezi, yale ni majengo ya serikali kuu na silaha imepigwa marufuku humo. Kuifyatua nako ni marufuku, isipokuwa kwa wawindaji kwenye yale maeneo machache yaliyoruhusiwa kuwindwa. Afrika Kusini, kule Kruger, mgeni anatangaza silaha getini na inafungwa kwa lakiri mpaka atoke. Kila nchi ina njia yake. Yetu ndiyo niliyokueleza, na hoja ya "Texas wanaruhusu" haijawahi kumsaidia mtu Ndabaka.

Basi ufanyeje Desemba? Njia ni mbili. Ya kwanza, kama kweli huwezi kusafiri bila bastola, pita Shinyanga, Nzega, Singida, Babati hadi Arusha. Ni lami yote, inapita kati ya Tarangire na Ziwa Manyara bila kuingia ndani ya hifadhi ya taifa hata moja, na leseni yako halisi, si picha kwenye simu, itakutosha kwenye vizuizi vya polisi. Watoto hawataona nyumbu. Ya pili, ambayo ndiyo ningeichagua, iache silaha Mwanza. Nenda kituo cha polisi unakohusika, mweleze mkuu wa kituo kwamba unasafiri na unaomba kuihifadhi. Iandikwe daftarini mbele yako: aina, namba, idadi ya risasi. Ondoka na karatasi yenye mhuri na jina la aliyepokea. Usiiache kwa mdogo wako wala kwa mlinzi wa ghala, hata kama ni mwaminifu kiasi gani, kwa sababu leseni ni ya jina lako na ukimkabidhi mwingine mmekosa wote wawili. Usiichimbie uani pia. Nacheka, lakini nimeshakutana na aliyefanya hivyo, na mvua za vuli zikamfukulia.

Kama ni askari polisi au mwanajeshi uko likizo na unasoma hapa ukidhani hayakuhusu, silaha ya kazini haiendi matembezini.

Kwa Mikumi, kwa kuwa najua utakuja kuniuliza ukienda Dar: barabara kuu inaikata ile hifadhi kwa kilomita kama 50 na hulipi kiingilio. Pande zote mbili ni hifadhi hata hivyo. Silaha iwe tupu na ifungiwe, usisimame, usishuke.

Mwisho ni hili la nyumbu, ili usije ukaniona nimekunyima kila kitu. Mwezi wa Desemba wengi wao huwa wameshashuka kusini, kwenye nyanda za majani mafupi kuanzia Naabi kwenda Ndutu. Ukanda wa Ndabaka huwapata zaidi kati ya Mei na Julai. Kwa hiyo watoto wakianza kulalamika asubuhi kwamba hawaoni kitu, waambie wasubiri mchana. Fika getini mapema, linafunguliwa saa 12 asubuhi, na panga kutoka Seronera mapema ili saa 12 jioni isikukute bado uko upande wa ndani.